Uwanja Wenye Majukwaa Mawili

Daktari hakupindisha maneno. Alimwambia Mihayo kwamba uvimbe umekaa pabaya, kwamba koromeo lote litakatwa, na kwamba akishapona atapumua kwa tundu la shingoni na hatatoa sauti tena mpaka anazikwa. Kisha akauliza kama kuna swali.

"Na kuimba?" Mihayo aliuliza. Sauti yake tayari ilikuwa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Bwana, nimesema hutatoa sauti. Kuimba kutatoka wapi?"

Maige, binamu yake, alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kofia mapajani. Yeye ndiye aliyemleta hospitali. Yeye ndiye aliyempigia gitaa la solo tangu wakiwa vijana wa kubeba marobota kwenye kiwanda cha pamba, na yeye ndiye kiongozi wa Bendi ya Radi. Nje ya dirisha ziwa lilikuwa limetulia, linang'aa, halina habari na mtu.

Bingwa wa kukata alikuwa safarini, angerudi baada ya Sabasaba. Mpaka hapo Mihayo ale vitu laini na asipandishe sauti.

"Umebakiwa na sauti kidogo," daktari alisema. "Ukiilazimisha itaondoka hata kabla ya kisu."

Rebeka, mke wa Mihayo, alikuwa mjamzito. Walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto, mpaka ndugu wa mume wakamaliza maneno yote ya kusema, na sasa mimba imeingia mwaka huohuo koo la baba linafungwa. Alipopewa habari hakulia. Alikwenda kwa jirani akaazima redio ya kaseti, akaiweka mezani mbele ya mumewe, akabonyeza kitufe chekundu.

"Imba," alisema.

"Niimbe nini?"

"Chochote. Imba ule wimbo uliomtungia mtoto. Mtoto huyu ataijua sura yako, ataujua mkono wako. Sauti yako ataijulia wapi?"

Mihayo aliitazama ile redio jinsi inavyozungusha utepe wake kwa kimya, akanyoosha kidole akaizima.

"Nikae chumbani niimbe peke yangu kama mtu anayeacha wosia? Mimi sijafa, mama."

"Hujafa. Utanyamaza."

"Basi nitanyamaza nikiwa nimesimama mbele za watu."

Rebeka alimgeukia Maige. "Shemeji, mwambie."

Maige alimwambia. Alimwambia siku ile, akamwambia kesho yake, ikawa kama kumpigia mbuzi gitaa. Mihayo hakuwa mtu wa kuambiwa. Enzi bendi yao ikiwa mali ya kiwanda, walikwenda Dar kurekodi, na yeye alikuwa bado kijana wa kuitikia nyuma. Sauti ya mbele kwenye zile nyimbo ni ya marehemu mmoja ambaye hakuna anayemkumbuka. Alipokuja kushika maikrofoni mwenyewe, kiwanda kilikuwa kimeanza kuyumba, na ilipofika miaka ya ruksa, soko lilipoachiwa huru, kikafungwa kabisa. Wakaachiwa vyombo wajitegemee. Kanda zake zilizokuwa zikiuzwa stendi ya Buzuruga zilirekodiwa na walevi waliokaa karibu na spika. Ukizipiga unasikia chupa, unasikia wanawake wanacheka, na kwa mbali mtu anaunguruma kama yuko ndani ya pipa.

Lakini aliyemsikia ana kwa ana hakumsahau. Watu waliuita muziki wao roki ya Kisukuma: magitaa yaliyokwaruzwa mpaka yanalia, ngoma za kwao Magu, na Mihayo katikati na koti lake la ngozi la mtumba, nywele hazijachanwa tangu Pasaka, akiimba kama anamwita mtu aliyeko ng'ambo ya ziwa.

Mtu mmoja aliyekuwa hajamsahau ni Mwalimu Kaijage. Huyu alikuwa Mhaya, mwalimu wa muziki wa Kilutheri kule Bukoba, msafi, mwenye miwani, aliyesomea Ujerumani. Mwaka ule alikuwa na wageni. Okestra nzima ilikuwa inakuja kutoka huko alikosomea, fidla kubwa kwa ndogo, filimbi, matarumbeta, watu kama sitini, wazunguke makanisa ya Kagera na kumalizia Mwanza. Na walikuwa na fundi wao mwenye gari la mitambo ya kurekodia. Tangu zamani Kaijage alikuwa akimtania Mihayo kwamba siku moja atamvalisha suti na kumsimamisha mbele ya fidla. Maige alimtumia ujumbe kwa baharia wa meli ya Bukoba: ule utani, Mwalimu, tuufanye kweli, na tuufanye haraka.

Kaijage alishuka Mwanza na mkoba umejaa karatasi za noti. Alikuwa ameuandika ule wimbo wa mtoto, "Mgeni wa Vuli", kila chombo na sehemu yake. Walikaa nyumbani kwa Mihayo, Rebeka akawapa ndizi na sato.

"Kuna jambo moja nataka mlielewe," Kaijage alisema huku akitoa mwiba mdomoni. "Bendi yenu inamfuata mwimbaji, sivyo?"

"Akikohoa, gitaa linamngoja," Maige alisema.

"Hawa sitini hawamfuati mtu. Wanafuata karatasi. Mwimbaji akichelewa wanaondoka wanamwacha."

"Kama meli."

"Kama meli, Bwana Maige. Na aliyebaki gatini asiseme hakuambiwa."

Mihayo alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Mwalimu, mimi kwenye meli huwa natangulia kuliko nahodha."

"Ndicho ninachokiogopa, Ngosha," Kaijage alisema, akimwita kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitwa. "Hata kutangulia ni kosa."

Rebeka aliuliza swali lake moja tu. "Mwalimu, hiyo mitambo itashika sauti yake kweli? Yake mwenyewe, bila kelele?"

"Mama, itashika hata anavyovuta pumzi."

Kuanzia hapo Rebeka aliacha kuigusa ile redio ya jirani, na baada ya siku chache akairudisha.

Mazoezi walifanya mara moja, kanisani. Mihayo hakuimba, alitikisa kichwa na kuhesabu kwa vidole, akiitunza sauti kama daktari alivyosema. Fundi wa Kijerumani hakuwasha hata mashine. Maige akasema moyoni kwamba liwalo na liwe, mtu huyu akisimama mbele za watu hajawahi kukosea.

Mambo yalianza kuharibika kwenye ukumbi. Ukumbi walioutegemea, ule wa dansi za zamani, ulikuwa umekodishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba. Walipokwenda kuukagua wakakuta marobota ya nguo yamepangwa mpaka darini na harufu ya dawa ya mende. Hakukuwa na ukumbi mwingine wa kuwatosha watu wote wale na vyombo vyao. Ikabidi wachukue uwanja wa mpira, ule ulioko kati ya miamba na ziwa, na tamasha lifanyike mchana kwa sababu usiku umeme haukuwa wa kuaminika.

Fundi wa Kijerumani aliutembelea uwanja mikono nyuma, hakupenda. Alizungumza na Kaijage, Kaijage akatafsiri.

"Anasema magitaa yenu yakikaa karibu na fidla, maiki za fidla zitajaa magitaa. Hataweza kuvitenganisha. Anataka nafasi katikati."

Maige aliutazama uwanja. Upande wa miamba palikuwa na kivuli kizuri kwa Wazungu. Upande wa ziwa palikuwa na nguzo ya umeme kwa ajili ya spika.

"Basi tuweke majukwaa mawili," alisema. "Wao kule, sisi huku. Watu wakae katikati."

Ndivyo alivyosema, na mafundi wakaanza kupiga mbao siku ileile. Alisimama pale mpaka jioni akiwaelekeza, akiona fahari. Mtu aliyezaliwa Magu, aliyekulia kwenye vumbi la ngoma, alisimama katikati ya majukwaa mawili yanayotazamana na hakuona kitu.

Aliona siku ya tamasha, saa za mchana, magari ya pamba yalipoanza kuwashusha watu kutoka Magu na vijiji vya barabarani. Ilikuwa Julai, mavuno yameingia, watu wana nafasi na moyo. Akina mama walishuka na viti vyao vya miguu mitatu. Vijana walikuwa na njuga miguuni na firimbi shingoni. Mtu haendi kwenye okestra na njuga.

Mzee Chenge, aliyecheza ngoma na baba yake Mihayo, alimkuta Maige anafunga waya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmefanya vizuri. Majukwaa yametazamana sawasawa, na katikati pana nafasi ya kukimbia. Na wenzenu wale weupe, ni akina nani? Wagika?"

Maige alikuwa na waya mdomoni na jasho machoni. Akajibu ovyo, kwa utani, jibu la kumwondoa mzee njiani. "Ndiyo, baba. Wagika wa Ulaya."

Mzee Chenge alifurahi sana. Alirudi kwa watu wake akitembea kama kijana.

Asiyejua aelezwe. Usukumani, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hukutana kwenye uwanja mmoja. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila kikundi upande wake, na watu wako katikati. Hakuna mwamuzi, hakuna alama. Mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Wanakwenda huku, wanavutwa kule, wanarudi mbio, na anayebaki akizichezea nyasi ndiye aliyeshindwa. Kuna watu waliohama kijiji kwa aibu hiyo. Baba yake Mihayo, mzee Shimba, alikuwa kiongozi wa Wagalu aliyeogopwa mpaka ng'ambo ya Simiyu, na mwaka mmoja uwanja mzima ulimgeuzia mgongo. Alirudi nyumbani, akaitundika ngoma yake darini juu ya moshi, hakuishusha tena. Mihayo ndiye aliyekuwa amemshikia kibuyu cha maji siku ile. Alikuwa mdogo, lakini aliiona ile migongo.

Waya ulimdondoka Maige mdomoni. Alitazama jukwaa la miamba, akatazama jukwaa la ziwa, akatazama katikati. Akamkimbilia Kaijage, aliyekuwa ameshavaa koti jeusi lenye mikia.

"Mwalimu, tuhamishe jukwaa."

"Kwenda wapi? Watu wameshajaa."

"Wanadhani ni mashindano."

Kaijage alipangusa miwani. "Bwana Maige, ni muziki wa okestra. Wakianza kusikia watatulia wenyewe. Muziki huu unatuliza watu."

Hapo Maige alijua kwamba anazungumza na mtu wa Bukoba.

Walianza. Okestra ilipiga kwanza kipande chake cha kanisani, na watu wa kanisa waliokaa kwenye viti vya mbele walipiga makofi ya adabu. Waliosimama walikuwa wakimchunguza Kaijage.

"Yule mwenye kijiti ndiye mganga wao wa kuvuta watu," mmoja alisema.

"Tazama anavyokitikisa. Anatupia kwetu hiyo dawa!"

"Mhaya na dawa? Wahaya wanajua vitabu."

"Hicho hapo mbele yake ni nini? Si kitabu?"

Watu wakacheka. Maige, juu ya jukwaa la ziwa na gitaa limeninginia, hakucheka. Mihayo alikuwa mbele yake kwenye maikrofoni. Alikuwa amekataa suti, amevaa koti lake la ngozi, lakini nywele alikuwa amechana kwa heshima ya mkewe. Rebeka alikuwa amekaa chini ya jukwaa, karibu kabisa, mikono juu ya tumbo.

Kaijage aliinua kijiti. "Mgeni wa Vuli" ulianza na fidla peke yake, sehemu ndefu ya kuingilia. Na hapa lazima isemwe kweli: ulikuwa mzuri. Maige mwenyewe, aliyeujua wimbo ule tangu ukiwa maneno mawili kwenye kibaraza, alisisimka ngozi. Fidla zilianza chini kama umande, zikapanda, zikawa kama wingu linalokuja kutoka visiwani, na mtu akasikia kwamba kuna mgeni yuko njiani na hajulikani ni nani. Mihayo alikuwa amefumba macho, anahesabu kwa vidole kwenye paja.

Watu walisikia uzuri ule, na kwa watu wale uzuri una kazi moja.

"Wagika wanachukua!" sauti moja ilipasua. "Wanachukua uwanja!"

Wakageuka. Kwanza kundi dogo la wanawake, kisha vijana wa njuga, kisha uwanja mzima ulikwenda mbio kuelekea miamba, vumbi likainuka, vigelegele juu, firimbi, viti vya watu wa kanisa vikaangushwa. Wapiga fidla walitoa macho lakini hawakuacha. Walikuwa na karatasi.

Mihayo alifumbua macho akaona migongo.

Maige alimwona shingo inavyokaza. "Mihayo," alisema kwa nguvu, "ngoja. Bado. Ngoja fidla zikufikie." Kwa hesabu, bado ilikuwa kitambo kabla sauti yake kuingia. Chini, Rebeka alikuwa amesimama. Alikuwa anatikisa kichwa polepole akimtazama mumewe.

Mihayo alivua koti. Aliikamata maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu anayekaba nyoka, akaitoa ile sauti aliyoitunza wiki zote zile, yote kwa mara moja.

"Geukeeeni!"

Haukuwa wimbo wa mtoto. Ulikuwa wimbo wa baba yake, wimbo wa mashindano. Geukeni, ng'ombe wenu wamo zizini kwangu. Geukeni, mnamfuata nani, mwenye maziwa ni mimi.

Na vidole vya Maige vikaondoka naye. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuacha, angeweza kuacha, angeweza kuchomoa waya. Lakini gitaa linamfuata mwimbaji, ndivyo walivyojua kazi, na kabla akili haijafika vidole vilikuwa vimeshafika. Ngoma zikaingia, besi ikaingia, na Maige mwenyewe akajikuta mdomo uko kwenye maikrofoni yake anaitikia, "Geukeeeni!" kama alivyoitikia utotoni, kwa sauti ileile ya ukoo wao, mwisho wa neno akiushusha.

Watu walirudi kama maji. Walirudi wakipiga kelele za furaha, kwa sababu sasa ilikuwa shindano kweli. Mihayo alijilaza chali kwenye mbao, akaimba akitazama mbingu, miguu juu, kama mzee Shimba alivyokuwa akifanya. Watu wakapagawa.

Kule kwenye miamba Kaijage aliendelea kupunga. Alitazama nyuma mara moja, uso umekauka, akageukia karatasi zake. Meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Na karatasi, kwa bahati mbaya ambayo hakuna mtu aliyeipanga, ilikuwa imefika mahali ambapo matarumbeta yote yanaingia kwa pamoja kwa nguvu. Yakaingia.

"Wamejibu!" Mzee Chenge alipiga ukelele, fimbo juu. "Wagika wamejibu!"

Watu wakakimbilia miamba tena. Mihayo akainuka, akapandisha. Wakarudi. Matarumbeta yakapanda kama yalivyoandikiwa. Wakaenda. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Nyuso zote zilikuwa zinacheka, akina mama wanalia kwa furaha, mtu hajaona mashindano kama yale tangu akiwa mtoto. Maige alipiga gitaa na machozi yanamtoka, na hakujua ni ya vumbi au ni ya nini.

Kisha mdomo wa Mihayo ulikuwa wazi na hakikutoka kitu. Mishipa imesimama, macho yametoka, kifua kinasukuma, na hakuna. Watu hawakutambua. Walikuwa wameshaushika wimbo wenyewe, uwanja mzima unaimba "Geukeni," na okestra ikafika mwisho wa karatasi yake ikanyamaza, na kwao kunyamaza ni kushindwa. Wakapanda jukwaani wakambeba Mihayo mabegani. Alizungushwa uwanja mzima, mikono juu, mdomo wazi.

Rebeka alibaki pale chini ya jukwaa. Maige aliposhuka, alimuuliza swali kwa utulivu kabisa.

"Shemeji, majukwaa mawili alisema nani?"

"Mimi."

Rebeka aliitikia kwa kichwa. Akaokota koti la mumewe, akalikung'uta vumbi.

Kwenye gari la mitambo, fundi wa Kijerumani alikuwa amevua visikio vyake na anavitazama kama sahani ya chakula kilichochacha. Kaijage alisimama mlangoni, ile mikia ya koti imejaa vumbi jekundu.

"Turudie," Maige alisema. "Watu wakishaondoka. Yeye peke yake na fidla."

"Arudie na nini?" Kaijage alisema, bila hasira. "Nimetoka kumsalimia. Hakuweza kunijibu."

Sauti haikurudi. Bingwa alirudi kutoka safari, kisu kikafanya kazi yake, na Mihayo akatoka hospitali na kitambaa shingoni na ubao mdogo wa kuandikia ambao hakuupenda. Vuli iliponyesha, Rebeka alijifungua mtoto wa kike. Walimwita Kokulinda; Mihayo aliandika jina hilo ubaoni mwenyewe, la Kihaya, na hakueleza. Maige alifikiri ni njia yake ya kumwomba Kaijage radhi. Labda sivyo.

Kanda ilifika karibu na Krismasi. Kaijage aliileta mwenyewe kwa meli. Kaseti moja, ndani ya bahasha ya kaki.

"Wamejaribu kule kwao," alisema. "Wamepunguza hiki, wamepandisha kile. Kelele imeingia mpaka kwenye maiki yake. Watu waliokuwa wamemzunguka walikuwa wengi mno, na wote wanaimba maneno yaleyale." Alikataa hata chai. Alimtazama mtoto kidogo, akamgusa mguu, akaondoka.

Rebeka aliazima redio ya jirani kwa mara nyingine. Walikaa wanne mezani, ukihesabu na mtoto. Fidla zilianza, safi kama Kaijage alivyoahidi, unasikia hata upinde unavyogusa uzi. Rebeka alimsogeza mtoto karibu na spika. Kisha vigelegele, firimbi, kishindo cha miguu, na mahali fulani ndani yake sauti za wanaume, nyingi, zikigombana na matarumbeta. Geukeni. Geukeni.

"Ni ipi?" Rebeka aliuliza.

Mihayo aliinama karibu na redio. Alisikiliza kwa jicho moja limefumbwa. Ghafla akagonga meza kwa kidole. Hapo.

Rebeka alirudisha utepe nyuma. Vigelegele, firimbi, kishindo. Mihayo aligonga meza tena, lakini safari hii aligonga mahali pengine, mapema kidogo. Alikunja uso. Akatikisa mkono: urudishwe. Ukarudishwa. Hakugonga kabisa. Alikaa na kidole juu hewani mpaka utepe ukapita, hewa ikipiga mluzi mdogo kwenye tundu la shingo yake. Kisha akamgeukia Maige, na macho yake yalikuwa ya yule mtoto aliyeshika kibuyu cha maji.

"Shemeji," Rebeka alisema, "wewe ulikuwa pembeni yake. Ni ipi?"

Maige alirudisha utepe mwenyewe. Alisikiliza. Palikuwa na sauti moja iliyotoka juu ya nyingine kwa pumzi moja tu, sauti ya ukoo wao, kavu, ndefu. Ingeweza kuwa ya Mihayo. Lakini mwishoni ilivunjika kidogo na kushuka, na Mihayo hakuwahi kushusha mwisho wa neno maisha yake yote. Mwenye kushusha alikuwa mwitikiaji.

"Hii," Maige alisema.

"Una hakika?"

"Hii hapa. Ndiyo yake."

Mihayo alimtazama kwa muda, kisha akatazama chini, hakugonga meza wala kushika ubao. Rebeka alirudisha utepe hadi pale palipoonyeshwa, akamweka mtoto sikio lake dogo karibu na spika, akabonyeza.

"Msikie baba," alimwambia. "Msikie."

Mtoto alishtuka kwa kelele akaanza kulia, na Rebeka akaurudisha utepe tena.